Mizimu ya Jakeza

Katika maktaba yetu ya chuo kikuu, hapa Brest, mizimu ni ya mbao. Mtu akiazima kitabu kutoka ghala la chini, tunaloliita shimoni, pale kitabu kilipokuwa tunasimamisha kibao chembamba, na juu ya kibao tunaandika kwa penseli ya nta namba ya kitabu na kilikokwenda. Kibao hicho jina lake mzimu. Ndivyo watu wa maktaba wanavyokiita nchi hii nzima, na hakuna anayecheka. Kitabu kikirudi unauchomoa mzimu, unaufuta kwa kitambaa chenye spiriti, unautupia kikapuni ungoje kazi nyingine. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, wala haitaki shahada.

Mimi naitwa Soizic. Nakaa kwenye dawati la kuazimia, karibu na mlango ambao upepo wa bahari hauchoki kuupiga mateke. Siku yangu ya kwanza, Armelle, mwenzangu wa dawati, alinipitisha kwa wafanyakazi wote, huyu anapenda sifa, yule usimkopeshe mwavuli, kisha akaninong'oneza, "Wote utawajua kwa wiki moja, isipokuwa Goulven wa shimoni. Goulven utamjua akitaka yeye." Armelle alikosea. Goulven nilimjua siku ambayo hakutaka kabisa.

Alikuwa mtu wa Plougastel, mtoto wa wakulima wa stroberi, mabega mapana, viatu vya soli ya mpira. Hukumsikia akija. Unainua kichwa tu, huyo hapo na kitoroli chake cha vitabu. Maneno yake yalikuwa mawili, "Ndiyo" na "Basi," na kwa hayo mawili aliendesha maisha yake yote. Hakuja maktabani kwa ajili ya vitabu. Alikuja kutengeneza mabomba ya joto, akiwa kijana, akamkuta shimoni mwanamke mfupi mwenye nywele kama kiota, amepanda ngazi, anawatukana maprofesa mmoja mmoja kwa majina. Mabomba yakapona, fundi akabaki. Aliomba kazi ya kubeba vitabu, mtu ambaye tangu shule hakuwa amefungua hata kimoja.

Mwanamke huyo ni Jakeza. Wakaoana, wakafanya kazi pamoja shimoni mpaka nywele zikawageuka rangi. Jakeza anasema, Goulven anabeba. Saa nne asubuhi, tukikusanyika kwa kahawa, Jakeza anahadithia na kutoa kile kicheko chake kifupi cha puani, Goulven anatikisa kichwa pale pa kutikisa. Nilipata kumuuliza Jakeza kama haimchoshi kuishi na bubu. "Bubu?" akasema. "Huyu ananisikiliza, mwanangu. Wako anakusikiliza?" Wangu wakati ule alikuwa anasikiliza mpira.

Kwa kanuni, mzimu huandikwa namba, kisha neno moja tu. Kimetoka, au kiko kwa fundi wa majalada, au hakionekani. Jakeza hakutosheka na neno moja. Mizimu yake ilikuwa na midomo. Ukivuta mmoja unasoma, "Kimetoka. Kiko kwa profesa wa sheria, yule anayekula jibini akisoma. Kikirudi tutakijua kwa harufu." Unavuta mwingine, "Kiko kwa fundi. Mgongo umekiachia, kama mimi Jumatatu." Na mwingine, "Kimetoka. Msichana wa macho mekundu. Msimdai haraka, ameachwa." Mkurugenzi wa zamani alimwita ofisini kumkaripia, na Jakeza akamwambia, "Bwana mkubwa, mzimu usiosema ni ubao tu." Tangu hapo walimwacha. Sisi wengine tukishuka shimoni na hasira zetu, tulikuwa tunavuta mizimu ya Jakeza kama watu wanavyochungulia sufuria, kuona leo kuna nini.

Alikufa mwezi wa Novemba, Jumamosi, kwenye foleni ya mkate. Alianguka katikati ya sentensi, ndivyo alivyosimulia muuza mkate, na hakuna aliyejua ilikuwa inaelekea wapi.

Goulven alirudi kazini siku iliyofuata mazishi. Tulimpelekea krepu, zile chapati nyembamba za huku, na chupa ya mvinyo wa tufaha, akasema, "Basi," akashuka. Kwenye chumba cha kahawa kiti cha Jakeza hakikukaliwa. Siku moja Armelle aliweka mkoba wake pale kwa kusahau, akaunyakua kama umeshika moto. Goulven aliona, akaendelea kukoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. Mimi nilimwonea huruma, lakini huruma yangu ni ya mbali. Sijui kumkumbatia mtu asiyesema. Nilijisemea, wacha muda ufanye kazi yake, nikarudi kwenye dawati langu.

Muda ulipita, na vitabu vikaanza kutotulia.

Nieleze vizuri. Msomaji anarudisha kitabu, mimi mwenyewe nakipokea, mashine inasema kimerudi. Goulven anakishusha na kitoroli. Baada ya miezi mtu mwingine anakitaka. Goulven anashuka, anapanda mikono mitupu, anasema, "Hakipo." Mara ya kwanza nikalaumu mashine. Mara ya pili nikamlaumu Armelle. Mara ya tatu Armelle alinivuta kando, karibu na bomba la joto, uso umemshuka.

"Soizic, nimeshuka kuangalia. Vyote vitatu, pale mahali pake kuna mzimu. Na mizimu yote mitatu ni mwandiko wa Jakeza."

"Si aliiandika zamani, kabla hajafa? Imesahaulika tu."

"Sawa, imesahaulika. Na vitabu viko wapi? Vitabu vimerudi, Soizic. Tumevipokea sisi, mimi na wewe. Halafu vinashuka kule, halafu mzimu wa Jakeza unasema kimetoka, na kweli kimetoka!" Akashusha sauti. "Yule mama bado anaazimisha."

"Anamwazimisha nani? Wafu wana vitambulisho vya maktaba?"

"Cheka. Cheka tu. Nitakuona ukishuka peke yako."

Nikacheka, na sikushuka. Siamini mizimu yenye miguu, sijawahi kuiamini. Lakini taa za shimoni zina tabia ya kujizima zenyewe baada ya muda, ili kubana matumizi, na ukishikwa katikati ya rafu unapapasa ukutani kutafuta kitufe, huku vitabu vya pande zote mbili kama vimekukaribia kidogo. Siku hizo nilianza kusikia mambo. Nikipita mlangoni pa ngazi nasikia kama karatasi inafunguliwa kule chini. Nilijiambia ni panya. Maktaba nzima ilijiambia ni panya. Lisemwalo lipo, walisema wafagiaji, na wakaacha kufagia safu za nyuma.

Kelele hizo hazikumtisha mkurugenzi wetu mpya, Bi. Vasseur, kwa sababu hakuzisikia. Alikuwa ametoka Paris, mwanamke mwenye haki na haraka, hana ubaya. Kabla ya likizo ya Pasaka alituita kwenye chumba cha kahawa akatangaza kwamba Jumatatu ya kufungua tutahesabu ghala lote, rafu kwa rafu. Kisichokuwepo mahali pake kitafutwe. Kisichopatikana, mtu aeleze.

"Na vile vibao," akasema, "siku hizi mashine inajua kila kitabu kilipo. Vibao vyote vitolewe vitupwe. Jumatatu nisikute hata kimoja. Bwana Goulven, utalishughulikia?"

Goulven aliweka kikombe chini vibaya, kahawa ikamwagika mezani mpaka kwenye kiti cha Jakeza. Akaifuta kwa kiganja.

"Basi," alisema. Lakini ile basi haikuwa ile tuliyoizoea, na nadhani mimi peke yangu niliona.

Alhamisi yake Goulven aliomba ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno. Alhamisi hiyo hiyo akaja Bi. Perrot, mwalimu wa historia ya bandari, na skafu yake nyekundu na kikohozi chake cha miaka. Kitabu chake kilikuwa kimoja cha vile vitatu vya Armelle. Kitabu alichokitaka alikuwa amekaa nacho muda mrefu mno, akakirudisha, sasa akakihitaji tena kwa ajili ya mhadhara.

"Msiniambie hakipo," alisema. "Nilikirudisha kwa mkono huu."

"Najua, mama. Ulinikoholea dawatini."

"Basi kiko wapi?"

"Mashine inasema kipo. Rafu inasema hakipo."

"Na wewe unasema nini?"

Hapo hasira zangu zikapanda. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, hazikai mbali. Wasomaji hawaruhusiwi shimoni, lakini nilichukua funguo, nikamwambia, "Njoo ujionee mwenyewe, usije ukasema tunakuficha," na tukashuka.

Nilimpeleka mpaka safu ya nyuma, mahali penyewe. Kati ya vitabu viwili vinene ulisimama mzimu. Bi. Perrot akauvuta kabla sijamzuia, akavaa miwani, akasoma kwa sauti.

"Kimetoka. Kiko kwa yule wa skafu nyekundu na kikohozi. Kitarudi siku atakapomsahau yule bwana."

Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye skafu. Akakaa juu ya kigoda cha kupandia, taratibu, kama mtu anayekalishwa.

"Nani ameandika hivi?"

"Marehemu."

"Marehemu gani?"

"Jakeza. Alikuwa mtunza ghala hapa. Alifariki."

"Mimi sikuwahi kuongea naye. Hata mara moja. Alijuaje habari za yule bwana?"

"Jakeza alikuwa anajua," nilisema.

Bi. Perrot aliutazama ule ubao. "Nimemsahau," alisema kwa sauti ndogo. "Mwezi wa kwanza. Ndiyo maana nilikirudisha. Tulikuwa tukikisoma pamoja; niliamka asubuhi nikaona sihitaji tena kiwe karibu."

Hapo ndipo taa ikazima.

Alipiga ukelele, na sioni haya kusema kwamba nami nilipiga. Nilipapasa mpaka kwenye kitufe. Taa ilipowaka alikuwa amekwisha ondoka, namsikia anapanda ngazi anakohoa, na mzimu ameuacha juu ya kigoda, maandishi juu. Kitabu hakukiulizia tena.

Nikabaki peke yangu. Niliurudisha mzimu mahali pake kwa mikono yote miwili, nikageuka niende zangu, na nikaona mwanga chini ya mlango.

Chini ya ngazi ya nyuma kuna chumba kidogo, hakizidi stoo ya nyumbani. Kilikuwa cha Jakeza, hapo ndipo alipokuwa akiandika mizimu yake. Tangu afe kilifungwa, na ufunguo, tuliambiwa, umepotea. Sasa kulikuwa na mstari wa mwanga chini ya mlango, na ndani mtu alikuwa anafungua karatasi. Nilitaka kukimbia. Miguu ilikuwa tayari kabisa. Lakini hasira bado ilikuwa imebaki kidogo, na hiyo ndiyo iliyousukuma mlango.

Goulven alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anafungua mkate na siagi ya chumvi kutoka kwenye karatasi. Nyuma yake, kwenye rafu mbili za ukutani, vilikuwa vitabu vyetu. Vile vitatu vya Armelle, cha Bi. Perrot kikiwa kimojawapo, na vingine vingi ambavyo hakuna aliyekuwa amevitaka bado. Vimefutwa vumbi. Vimepangwa kwa namba, sawasawa, hakuna kimoja kilichotangulia mwenzake. Hata wizi aliufanya kwa utaratibu wa maktaba.

"Wewe si uko kwa daktari wa meno?"

"Nimetoka huko."

"Goulven, hivi ni nini?"

"Vitabu."

"Naona ni vitabu, sijawa kipofu! Watu wanasema mkeo anatembea humu. Armelle hashuki tena. Wafagiaji wamekimbia. Sasa hivi nimemuua Bi. Perrot kwa hofu, na mimi mwenyewe nusura. Na siku zote ni wewe! Siku za mwizi ni arobaini, Goulven, na Jumatatu Vasseur anahesabu. Akikuta hivi humu ndani atasema umeiba. Utatolewa hapa na polisi, mtu mzima mwenye mvi! Ulikuwa unafikiri nini?"

Alifunga mkate wake, akaweka karatasi magotini. Sikuwahi kumwona akitafuta maneno. Alikuwa anayatafuta kama mtu anayetafuta miwani.

"Kitabu kikirudi," alisema, "lazima niuchomoe mzimu. Si ndiyo kanuni?"

"Ndiyo."

"Niufute."

"Ndiyo, uufute."

"Basi mimi nimfute mara ngapi, Soizic?"

Niliegemea mlango.

"Nyumbani hakuandika kitu," aliendelea. "Nyumbani alisema. Hata orodha ya sokoni alinisemea, mimi nakariri. Maneno yake yaliyobaki yote yako humu ndani. Na watu wanarudisha vitabu, Soizic. Zamani walikuwa wanakaa navyo. Tangu afe wanavirudisha, kila wiki mmoja, na kila anayerudisha ananipunguzia."

Nililia. Nasema wazi, nililia kama mtoto, kwa sauti, na yeye akanipa leso yenye harufu ya spiriti. Halafu, kwa kuwa mimi nikilia huwa nataka kupanga mambo, nikamwambia, "Basi ichukue mizimu yote uende nayo nyumbani. Vasseur anataka kuitupa. Nani atajua?"

Alitikisa kichwa. "Nilichukua mmoja. Nikausimamisha juu ya kabati. Ukaanguka. Nikausimamisha tena, ukaanguka. Hapa mzimu unasimama kwa sababu una vitabu kushoto na kulia. Kule kwangu ulikuwa ubao unaosema kimetoka, na hakuna kilichotoka. Nikaurudisha." Akanitazama. "Hapa, asubuhi, nikipita nikavuta mmoja, yeye yuko kazini. Safu nyingine tu, simwoni, lakini yuko kazini."

Taa ya nje ikazima, tukaona giza chini ya mlango. Nilijua, na yeye alijua, kwamba mpaka Jumatatu vitabu vile lazima viwe mahali pake, na mahali pake pana mizimu. Hapakuwa na njia ya tatu. Ama atolewe yeye, ama atolewe Jakeza.

"Kesho," alisema mwishowe. "Uje unishikie kitoroli. Peke yangu sitaweza."

Ijumaa maktaba ilikuwa imefungwa kwa likizo. Upepo ulikuwa unalia juu, lakini shimoni haufiki. Tulipakia vitabu kwenye kitoroli, nikawa nasukuma, yeye mbele. Alikuwa ameweka sharti moja. Kila mzimu ausome kwanza kwa sauti, mara moja, ndipo aufute.

Wa kwanza aliusoma vibaya, kama mtu anayesoma risiti. "Kimetoka. Kiko kwa profesa wa sheria, yule anayekula jibini." Akachovya kitambaa, akafuta. Penseli ya nta haitoki mara moja, inapakaa kwanza, maneno yanakuwa wingu la buluu, halafu ubao unabaki mtupu na baridi. Akautupia kikapuni. Nikampa kitabu, akakiingiza. Mgongo wa kitabu ukalingana na wenzake, na hapakuwa na dalili kwamba pale palipata kuwa na mtu.

Wa pili, wa tatu. Nilimwambia tupumzike, akasema, "Twende." Tulipofika safu ya katikati nilianza kuona kitu. Sauti yake ilikuwa inalegea. Mwisho wa sentensi ulikuwa unapanda kidogo, kama Jakeza alivyokuwa akiupandisha anapokaribia utani. Alisoma, "Kimetoka. Kiko kwa daktari mtarajiwa, anayechokonoa pua akifikiri. Anafikiri sana." Nikacheka bila kukusudia, nikaziba mdomo.

"Cheka," alisema Goulven. "Iliandikwa ichekwe."

Basi nikacheka. Alisoma wa mwalimu wa Kilatini anayeviita vitabu "wanangu" na kusahau kuwalisha watoto wake. Alisoma wa yule mtawa aliyeazima kitabu cha mapenzi akasema ni cha mjomba wake. "Mjomba naye ni mtawa," alisoma Goulven, na hapo alifanya kile kicheko kifupi cha puani, na nywele zikanisimama, maana kicheko kile nilikijua na hakikuwa chake.

Taa ikazima.

Nilisimama nikishika kitoroli, kitufe kiko mbali. Katika lile giza nilimsikia anavuta mzimu mwingine, mbao zikikwaruzana, na anaendelea. "Kimetoka. Kiko kwa mke wa kapteni. Anasoma kurasa kumi kila bwana akisafiri. Kwa mwendo huu atakimaliza tukiwa wote makaburini, lakini msimdai, hana kingine." Alisema taratibu, kwa raha, akipumzika pale pa kupumzika. Nilijisemea, anaijua mizimu hii kwa moyo. Ameisoma kila asubuhi, lazima anaijua. Nikapapasa mpaka kwenye kitufe. Taa ilipowaka alikuwa tayari anafuta.

Mchana ulitupita hivyo. Kitoroli kikawa chepesi, kikapu kikawa kizito. Mzimu wa Bi. Perrot aliusoma, akasema, "Jakeza alimpenda huyu," akaufuta. Mwisho kilibaki kitabu kimoja, kidogo, cha mambo ya mawimbi na kina cha maji, ambacho sidhani kama mtu atakuja kukitaka. Goulven aliuvuta mzimu wake. Aliushika muda mrefu, ameuinamia, kisha akausoma, na safari hii hapakuwa tena na Goulven katika sauti ile hata kidogo.

"Kimetoka. Goulven amekibeba juu, amesahau kuniambia ni kwa nani. Ukimwona mwambie chakula kiko jikoni, kimefunikwa, akipashe. Asinilie mkate mkavu kila siku kama mfungwa. Na avae sweta, shimoni kuna baridi, yeye anajifanya haisikii."

Kicheko kile kifupi tena, puani.

"Huu ufute wewe," alisema, akanipa. Akachukua kitabu, akakiingiza mahali pake, akashika kitoroli kitupu akaanza kukisukuma kwenda safu ya mbali, kwa viatu vyake visivyosikika.

Niligeukia taa nipate kuyaona maneno yale kabla sijayafuta. Nilitaka kuyashika kichwani, angalau haya ya mwisho. Mwandiko ulikuwa wa Jakeza, ile saba yake yenye mkia. Ilikuwa namba ya kitabu, na chini yake neno moja, Kimetoka. Nikaugeuza upande wa pili. Upande wa pili hapakuwa na kitu.

Nilisimama pale. Nilimfikiria mke wa kapteni kule gizani, na mtawa, na mjomba wa mtawa. Sitajua ni maneno yapi yaliyoandikwa na yapi yaliyosemwa tu, maana yote tulikuwa tumeyafuta.

Nilichovya kitambaa, nikafuta. Nyuma ya rafu sauti ilikuwa bado inaendelea, inaviambia vitabu kwamba huyu Vasseur ana miguu mizuri lakini haraka yake itamuua, kwamba kahawa ya jana ilikuwa maji ya kuoshea viatu. Haikuwa inaniambia mimi. Kisha ikapanda mwishoni, ikauliza, "Umemaliza, mwanangu?"

Goulven hakuwahi kuniita mwanangu maishani mwake.

"Ndiyo, Jakeza," nilijibu. "Nimemaliza."

Hakunisahihisha.